Egesho Namba Tatu, Mbele ya Mkahawa

Jumatatu, 3 Machi

Tumepata mashua! Yaani mke wangu ndiye aliyepata, lakini tumeoana, kwa hiyo tumepata. Baba mkwe ameshindwa na magoti yake, akamkabidhi binti yake ile mashua ya tanga aliyomfundishia upepo tangu akiwa na miaka sita. Sharti ni moja: Jumapili atakuja mwenyewe kukagua mahali tulipoiweka. Asiporidhika, anaichukua na kumpa shemeji, yule fundi mapazia, ambaye tayari ameshanunua koti la mvua. Mtu wa kujipendekeza sana.

Mke wangu ni mkunga na wiki nzima yuko zamu. Mimi niko likizo. Akaniomba jambo moja tu: niende bandari ndogo ya mashua nikachague nafasi ya kuegesha. Nitafute mahali palipotulia, penye kina, halafu nimsikilize msimamizi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Miaka kumi na tisa nalipwa kuwaambia watu kwamba wamekosea.

Msimamizi wa bandari ni mama mwenye sauti ya kengele. Wote wanamwita Mama Kamba. Akanipeleka moja kwa moja gati la nyuma, namba kumi na saba. Eti hapo upepo haufiki, mawimbi hayafiki, maji hayaishi. Nikatazama. Watu nao hawafiki! Upande mmoja karakana ya rangi, upande wa pili mapipa ya taka. Mashua ya heshima ikae na maganda ya viazi?

Ndipo nikaiona namba tatu, gati la mbele. Tupu! Iko chini kabisa ya baraza ya mkahawa, ile yenye madirisha mapana, wateja wote wanaikodolea macho. Nikauliza kwa nini haina mtu. Mama Kamba akaanza kusema nafasi hiyo ina mambo yake. Nikamkatiza. Nimeshakagua mizani nyingi, najua mtu akificha kitu. Kuna mtu amemwekea.

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: uzito wa jina. Nikavaa kofia ya nahodha (mpya, ina nanga ya rangi ya dhahabu), nikamwambia Mama Kamba kwamba naandika makala ndefu kuhusu bandari bora za mashua, na mwandishi hawezi kuandikia nyuma ya mapipa. Hakustuka. Akaniuliza mashua tutaiingiza kwa tezi au kwa omo.

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima! Nikamjibu kwamba tezi zangu ni siri yangu na daktari wangu, na nguo kwetu tunafulia sabuni ya kipande. Akanitazama muda mrefu. Nadhani nilimzidi.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kumbe omo ni mbele ya mashua na tezi ni nyuma yake. Nikasema nilikuwa najua, nilikuwa nampima tu yule mama. Hapo akaacha kucheka. Akauliza kama nimeulizia kina, maana mashua yao ina mkuku mrefu, ule ubao mzito unaoshuka chini ya tumbo lake kama pezi. Nikamwambia maji yapo tele, nimeyaona kwa macho yangu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Nimefika gati la mbele, nani nimemkuta amechutama na utepe wa kupimia? Daktari wa meno! Yule yule wa ghorofa ya chini kwetu, aliyeegesha gari lake mahali pangu mwezi mzima, halafu akaning'oa jino huku anapiga mluzi. Naye amenunua mashua. Naye anaitaka namba tatu. Bahari yote hii!

Nikafikiri upesi. Nikamsogelea kwa tabasamu la upande mmoja (upande wenye meno). Nikamnong'oneza kwamba namba tatu ni ya watu wa hivihivi, wanaojua mambo wanagombania kumi na saba, gati la nyuma, na kuna mheshimiwa fulani anakuja kesho kuichukua. Akanishukuru mno. Akasema mashua yake ni kama sahani, tumbo bapa, inakaa popote, lakini kama hiyo kumi na saba ni nzuri kiasi hicho, basi ngoja awahi. Baada ya robo saa alikuwa ameshatia saini. Nilijificha nyuma ya ubao wa matangazo, nikacheka peke yangu hadi kofia ikaanguka majini. Imezama na nanga yake.

Nikaingia ofisini kwa kishindo. Mama Kamba akasema sawa, namba tatu ni yangu, ila lazima anisomee onyo. Akaanza na kina, akaja kwenye mkuku, akasema nikumbuke Jumapili ni bamvua. Nikamwambia nimeelewa. Akasema sijaelewa. Nikasema nimeelewa! Basi akaniambia niandike hivyo kwa mkono wangu. Nikaandika: "Nimeonywa, nimeelewa, sitaki kuambiwa tena." Nikatia saini, ile yenye mkia.

Njiani nikawaza. Bamvua. Sijawahi kuwasikia, lakini lazima ni bendi. Muziki, Jumapili, mbele ya mashua yangu, baba mkwe akiwepo! Nikarudi mbio mkahawani nikahifadhi meza ya watu watatu, dirishani kabisa, saa tisa alasiri.

Ijumaa, 7 Machi

Mashua imeingia namba tatu. Mama Kamba aliivuta kwa boti yake ya injini, midomo ameibana. Mimi nilisimama mbele, yaani kwenye omo, mikono kiunoni. Wateja walipiga picha. Mwanamke mmoja akanipungia mkono. Baadaye nikagundua alikuwa anamwita mhudumu. Haidhuru.

Dosari mbili ndogo. Kwanza, bomba la moshi la jikoni linapumulia juu yetu. Tanga zima linanuka samaki wa kukaanga. Pili, kila boti ikipita, mashua inabamiza gati. Bam! Rangi inabanduka. Nikaenda nyumbani nikachukua mito yote sita ya sofa, nikaifunga ubavuni kwa kamba. Inapendeza. Ina maua.

Mke wangu alirudi kutoka zamu amechoka, akajitupa kwenye sofa bila kutazama. Ukelele ule! Sofa letu lina mbao nyingi kuliko nilivyodhani. Nikasema mito nimeipeleka kwa dobi. Akataka twende akaione mashua kabla ya baba yake. Nikamsihi asubiri, nimewaandalia jambo. Akanishika mkono. Akasema tangu mama yake afariki mzee haongei, ni mle ndani ya mashua tu ndimo alikuwa bado anaongea, na hajui anishukuru vipi kwa kumtafutia mahali pazuri.

Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda. Sofa halikaliki, mito imeanikwa.

Saa tisa kasoro tulikuwa mezani. Baba mkwe na fimbo yake. Mke wangu na gauni jipya. Mimi na kofia ya pili. Madirisha wazi. Nikaelekeza mkono nje kama mtu anayefungua pazia. Mke wangu akaitazama mashua, akaitazama mito, akanitazama mimi. Baba mkwe alitazama maji. Akauliza kama leo si bamvua. Nikamjibu ndiyo Baba, wataanza kupiga muda si mrefu.

Baba mkwe akaweka kijiko chini, polepole. Akanieleza, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba bamvua ni yale maji yanayojaa kupita kiasi, na yakitoka, yanatoka kupita kiasi.

Na yalikuwa yanatoka! Kama mtu amezibua beseni. Mashua ikashuka, ikashuka, ikagusa tope, ikasimama juu ya mkuku wake kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Halafu ikaanza kuinama. Kwetu sisi. Nikasema itasimama. Haikusimama. Mlingoti ukaingia dirishani taratibu, kwa adabu kabisa, ukapita juu ya meza ya jirani, ukaangusha taa, ukakomea juu ya supu ya baba mkwe ukidondosha matone. Watu mayowe. Mhudumu mmoja chini ya kaunta. Baba mkwe akavuta bakuli lake pembeni akaendelea kunywa.

Alipomaliza akauliza nani alichagua hapa. Nikasema msimamizi. Mama Kamba alikuwa ameshafika mbio, nyuma yangu, na karatasi mkononi. Akaisoma kwa ile sauti yake hadi jikoni wakasikia: nimeonywa, nimeelewa, sitaki kuambiwa tena. Akaonyesha na mkia wa saini.

Mke wangu alivua viatu, akatoka dirishani na gauni lake jipya, akashuka kwenye tope hadi magotini. Akaweka kiganja ubavuni mwa mashua, pale rangi ilipochubuka. Akabaki hivyo. Nikasogea dirishani nikamuuliza kama anataka kofia, kwa ajili ya jua. Akanigeukia.

"Nilikuomba jambo moja," akasema. "Moja tu."

Nikavua kofia mwenyewe, bila kuambiwa. Naliandika hapa kwa sababu ni mara ya kwanza.

Mara daktari wa meno huyo anakuja kutoka gati la nyuma, amebeba miti minne mirefu begani. Yeye, mke wangu na Mama Kamba wakaiegemeza mashua isilale kabisa. Baba mkwe akawaelekeza kwa fimbo kutoka dirishani, kushoto, kulia, hapo hapo, kama anaongoza kwaya. Magoti ameyasahau. Anaongea! Mimi nilipewa kazi ya kuokota mito.

Jioni maji yakarudi, mashua ikainuka. Imechubuka, haijatoboka. Daktari akasema basi tubadilishane nafasi: mashua yake yenye tumbo bapa inakaa kwenye tope bila shida, ndiyo maana tangu mwanzo alikuwa anaipima namba tatu. Akaniuliza, kwa upole, yule mheshimiwa aliishia wapi. Nikajifanya sijasikia. Baba mkwe alimshika mkono daktari muda mrefu. Mimi hajawahi kunishika hivyo, hata siku ya harusi.

Uamuzi wake: mashua inabaki kwa binti yake, shemeji ataendelea na mapazia. Mimi nisiiguse.

Alhamisi, 13 Machi

Mashua iko namba kumi na saba. Haitikisiki hata kidogo. Inachosha kuitazama.

Leo mke wangu na baba yake wametoka na tanga. Nikawaona kutoka gatini, mzee anarusha mikono anasimulia, binti anacheka hadi anashika tumbo. Nadhani nimesamehewa. Asubuhi amenimiminia chai bila kuombwa. Naruhusiwa kufika bandarini mradi nisiguse kitu na nisiongee na mtu. Nimeelewa maana yake. Wamenipandisha cheo. Mimi sasa ni mshauri.

Nimetafakari kwa unyofu kosa lilikuwa la nani. Ni la Mama Kamba, anaongea haraka mno. Uchaguzi wenyewe ulikuwa sahihi! Ushahidi ni huu: daktari wa meno amekaa namba tatu, wateja wanampiga picha, yeye anapunga mkono. Mkono ule ule ulioning'oa jino! Kinachotakiwa ni mahali pa kuonekana kuliko hapo, ila penye kina.

Na nimepaona. Mwisho kabisa wa ukuta wa nje. Papana, maji meusi kwa kina, panaonekana na bandari nzima pamoja na barabara. Tupu! Pamezungushiwa mnyororo na mistari ya njano, na kibao chenye herufi nyekundu: USIEGESHE HAPA WAKATI WOWOTE. Chini yake kuna maelezo marefu, kitu kuhusu meli za mizigo kugeuka, lakini sikuwa na miwani. Nilikaa saa nzima nikichunguza. Hakuna hata mtu mmoja aliyejaribu kupachukua. Watu wamelala!

Jumatatu ni siku ya kuzaliwa ya mke wangu. Atafika bandarini aikute mashua yake imekaa mahali inapostahili. Mnyororo nimeshaupima kwa macho. Msumeno wa kawaida utatosha.