Naomba Mnikatae Kama Zamani

S.L.P. 94,
Ikonge, Nyamira.
11 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Bima ya Maisha,
Kisii Mjini.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: MALALAMIKO YA KUKUBALIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa kwa kazi yako uzima wa watu ni faida kwanza na baraka baadaye. Mimi ni Angwenyi Mose, mwalimu mkuu mstaafu, umri miaka sitini na mitatu, mkulima wa majani chai hapa Ikonge. Ninaishi na virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2003. Sikuambii hili ili unihurumie. Huruma nilipewa nyingi miaka hiyo, nyingine ikaja na kuku. Nakuambia kwa sababu ndicho kiini cha malalamiko yangu: mwezi wa Aprili niliomba bima ya maisha kwenu, nanyi mkanikubali.

Najua barua nyingi zinazofika mezani pako huandikwa na watu waliokataliwa. Yangu imegeuka upande wa pili, kwa hiyo nitaeleza polepole, kama nilivyozoea kueleza sehemu na desimali, na nakusihi usome hadi mwisho kabla ya kuinua simu.

1. Mmevunja desturi yenu wenyewe. Mwaka 2006 niliomba bima katika kampuni hii hii. Mkanijibu kwa ukurasa mmoja kwamba, kutokana na hali ya afya ya mwombaji, kampuni inasikitika. Ilikuwa barua nzuri, fupi, yenye muhuri wa buluu. Niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, kati ya cheti changu cha ualimu na kalenda ya kanisa. Tangu siku hiyo imenitumikia kuliko mtoto yeyote niliyemzaa. Aliyekuja kunitaka niwe mwenyekiti wa kituo cha kuuzia majani chai, nilimwonyesha ukuta. Aliyetaka nimdhamini, ukuta. Shemeji aliyetaka nikalee ng'ombe wake wawili "kwa muda tu", ukuta. Watu wetu hubishana na mchungaji, hubishana na chifu, lakini sijaona Mgusii akibishana na muhuri.

Barua hiyo ndiyo pia iliyonilinda kwa Phanice Kemunto. Huyu ni mjane anayeuza ndizi soko la Mosocho, naye humeza dawa zile zile ninazomeza mimi. Tulikutana mwaka 2014 kwenye foleni ya kliniki mjini Kisii. Wote wawili tulikuwa tumekwepa kliniki za nyumbani ili tusionwe na watu tunaojuana nao, tukaishia kujuana sisi. Kwa miaka tisa sasa amekuwa akiniuliza, kwa adabu, ni lini tutasimama mbele ya kanisa. Kwa miaka tisa nimemjibu kwamba si utu kumfanya mwanamke mjane mara mbili, kisha namwonyesha ukuta.

Mwezi wa Machi aliutazama ule ukuta kwa muda mrefu. Akasema barua imegeuka njano na sahihi imefifia, na kama bado ninakufa, basi nilete barua mpya. Lilikuwa dai la haki. Nikaja kwenu kuichukua. Bwana Meneja, mimi nilikuja kukataliwa. Nilichana nywele, nikajibu kila swali kwa ukweli, sikuficha hata kidonge kimoja. Na kwa uaminifu huo mkaniadhibu.

2. Daktari wenu hakuwa makini. Alikuwa binti mpole, sina neno naye kama mtu. Alinipima damu, mkojo, moyo na mapafu. Akaniambia virusi ni vichache mno hata kipimo hakivioni. Nikamwomba atazame tena. Akatazama tena, akaniambia niendelee hivyo hivyo. Nilipopata mkataba na kuona ada yangu imepandishwa kidogo juu ya ile ya kawaida, moyo wangu ulipata tumaini, nikadhani mmekumbuka wajibu wenu. Kumbe nyongeza ile ni ya tumbo. Mmeandika wazi: uzito uliozidi. Ugonjwa ulionizikia mke wangu Emily, ulionilaza miezi mitano, ulionifanya nibebwe kwenye kiti ili nikaone kaburi lake, mmeupita kama mpita njia mkaenda kuamkiana na kitambi. Na daktari akanionya kuhusu chumvi. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuthubutu kunitisha kwa chumvi.

3. Mlimkabidhi mkataba mtu asiyehusika, au tuseme anayehusika kupita kiasi. Wakala wenu ni kijana Sagar, mjukuu wa marehemu mzee Ratilal aliyekuwa na duka la nguo mjini. Familia ile na mimi tuna historia. Mwaka 2003, wiki moja baada ya kumzika Emily, nilipelekwa kwa Ratilal nikanunua suti nyeusi ya kuzikwa nayo. Nilikuwa na kilo arobaini na moja. Mzee yule alinipima, akashauri nichukue kubwa zaidi, maana mwili hubadilika. Nikamwambia mwili huu unaelekea upande mmoja tu. Akaniuzia ndogo huku akitikisa kichwa.

Sasa mjukuu wake, siku alipoleta mkataba, alinipigia simu akaikuta imezimwa. Kwenye fomu palikuwa na nambari ya mnufaika, yaani mtu atakayelipwa nikifa. Akaipiga, akaelekezwa Mosocho, akamkuta Phanice katikati ya ndizi zake, akampa bahasha mbele ya wanawake wa soko na kumwambia, "Hongera mama, Mwalimu amepita." Kama mtihani. Wanawake wakapiga vigelegele. Nimearifiwa kwamba kuna aliyenunua soda.

Phanice alifungua. Akasoma kwamba mkataba ni wa miaka kumi na mitano. Akajumlisha. Jioni alinipigia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Mwalimu," alisema, "watu wa bima hawakupendi. Wamepiga hesabu tu, wakaona utaishi. Mimi nimekupenda miaka tisa, na bado unaniambia unakufa."

Nilimweleza kwamba makadirio ya bima hujengwa juu ya wastani wa watu wengi, na mtu mmoja hawezi kudai kuwa wastani. Nilieleza vizuri, kwa mifano. Nilipofika mfano wa tatu niligundua simu ilikuwa imekatwa.

4. Heshima yangu kijijini imeporomoka. Habari za Mosocho hufika Ikonge kabla ya lori la majani. Kesho yake ndugu yangu Nyangate alikuja na mkokoteni kuchukua mbao zake. Hizo ni mbao kumi na mbili za mkaratusi alizonunua mwaka 2003 kwa ajili ya jeneza langu, ambazo nimezitunza darini muda wote huu bila kuzitumia, kwa uaminifu. Alisema hawezi kuendelea kumwekea mbao mtu mwenye mkataba. Anajenga nazo choo. Pale kando ya kaburi la Emily, mahali nilipoachiwa mimi, mke wake amekwisha kupanda migomba, na amenisisitizia kwamba ni ya kudumu.

Sabato iliyofuata, mzee wa kanisa Ogeto alitangaza jina langu kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kanisa hilo tulianza kulijenga mwaka 2011 na limefika kwenye madirisha. Nilipomkumbusha hali yangu, alinijibu kwa upole kwamba amesikia nina miaka kumi na mitano, na madirisha hayahitaji zaidi ya kumi.

5. Fomu yenu ina swali la hila. Sehemu ya C inauliza: "Uhusiano wako na mnufaika." Mmeacha nafasi ya sentimita sita tu. Mtu ataandikaje miaka tisa katika sentimita sita? Nikaandika: "Tunafahamiana." Ni Kiswahili sanifu na si uongo. Lakini nakala ya fomu ilikuwa ndani ya ile bahasha, na Phanice aliisoma. Hakunigombeza. Alipanga karatasi zote kama zilivyokuwa, akamrudishia Sagar aniletee, na akampa kijana kichane cha ndizi kwa usumbufu. Mimi hakuniletea hata moja.

Ni lazima nikueleze jambo kuhusu kliniki, la sivyo hutaelewa uzito wa hasara. Tarehe zetu zilikuwa siku moja, Jumatano. Yeye hubeba ndizi za kuchemsha kwenye kibakuli chenye kifuniko cha kijani, mimi hubeba chai kwenye thamosi na vikombe viwili. Tukishachukua dawa tunakaa kwenye benchi karibu na dirisha la famasia, tunakula, tunawasengenya waliochelewa. Hiyo ndiyo starehe yetu. Jumatano iliyopita nilifika saa mbili, nikasubiri hadi saa saba. Muuguzi aliniambia mama yule ameomba ahamishiwe Ijumaa ya tarehe ishirini. Nikamimina chai. Nikaona nimemimina vikombe viwili. Nilivinywa vyote, kwa kuwa sipendi kumwaga chai ninayoichuma mwenyewe, lakini cha pili kilikuwa kimepoa.

Alinitumia ujumbe mmoja tu siku hiyo: "Mwalimu, wewe huogopi kufa. Unaogopa kuzika." Kauli hiyo haina msingi wa kitaalamu na nimekataa kuijibu.

Kwa sababu hizo tano, nina maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia jepesi.

Kwanza, mniandikie barua mpya ya kukataliwa, yenye muhuri wa buluu, tarehe yake iwe kabla ya ile ya kukubaliwa. Mkisema sheria ya siku hizi hairuhusu kumnyima mtu bima kwa sababu ya virusi peke yake, nikataeni kwa tumbo. Sitakata rufaa.

Pili, mkishindwa, mtumeni Sagar sokoni Mosocho siku yenye watu wengi akawatangazie wanawake kwamba kulikuwa na makosa ya hesabu. Nitalipia soda.

Tatu, mkishindwa na hilo, ni haki kampuni ibebe matokeo ya imani yake. Ninyi ndio mnaosema nitaishi. Basi yule binti daktari aje kukaa Ikonge miaka hiyo kumi na mitano ahakikishe, maana si vyema kumtia mtu tumaini kisha ukarudi mjini.

Nne, na hili nimelitafakari sana: endapo hata daktari hawezi kuja, kampuni inioe yenyewe. Imenipima, imejua umri na uzito wangu, imeweka fedha zake juu yangu na imeahidi kuwa nami hadi kifo. Sijui ni nini kingine mchungaji angewauliza.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, yule bawabu aliyenishika mkono nisianguke kwenye ngazi (naye huenda ndiye chanzo cha haya yote), daktari na chumvi yake, kijana Sagar, na nyanya yake Sumitra, mjane wa mzee Ratilal, aliyekizuia kicheko chake siku ya ile suti na bado ana deni nacho kwangu.

Wako katika uzima mlionilazimisha,

Angwenyi Mose,
Mwalimu Mkuu (Mstaafu)

Nyongeza, 22 Juni:

Barua hii imekaa mezani siku kumi na moja, kwa sababu kila nilipotaka kuitia kwenye bahasha nilikuta sina stempu, na nilipopata stempu nilikuta sina haraka.

Ijumaa tarehe ishirini nilikwenda kliniki bila kuwa na miadi. Nilibeba thamosi na vikombe viwili. Phanice aliniona, akasogea kwenye benchi, nami nikampa barua hii aisome, kwa kuwa ndiyo maelezo kamili niliyokuwa nayo. Aliisoma yote. Kwenye ombi la nne alicheka hadi watu wa famasia wakachungulia dirishani. Halafu akaomba kalamu yangu nyekundu, akapigia mstari kauli yake ile ya kuogopa kuzika, akauliza kama bado nimekataa kuijibu.

Nilimjibu. Sikutoa mifano.

Kwa hiyo, Bwana Meneja, msiufute mkataba. Ada ya Juni nimekwisha kuilipa, pamoja na ile ya tumbo. Ila kwenye sehemu ya C naomba neno "Tunafahamiana" lifutwe na mahali pake paandikwe "Mke". Nafasi mliyoacha inatosha, nimepima. Ndoa ni Jumapili tarehe 31 Agosti, baada ya makambi ya ibada, katika kanisa lisilo na madirisha, na ofisi nzima imealikwa. Phanice ameagiza Sagar asikose.

Ile suti ya Ratilal nimeipeleka kwa fundi. Ameipasua mgongoni aongeze kitambaa, akaniuliza ilinunuliwa kwa shughuli gani hata ikabana hivi. Nikamwambia shughuli hiyo imeahirishwa.