Waya ya Komoni

Jumatatu, 2 Juni
Kisanduku cha kupima volti kimefika. Ni cha betri za sola, zile za friji ya maziwa ya kikundi cha akina mama hapa Malaba. Betri zikishuka, simu ya mwenyekiti inalia, jenereta inawashwa, maziwa yanapona. Mwenyekiti ni shemeji yangu Petronilla. Alitaka kumwita Ilukor wa Kocholia akifunge. Ilukor! Mtu wa kutengeneza redio! Nikamwambia mimi niliwahi kusimamisha treni ya mizigo kwa testa peke yake, dereva akashuka kunisalimia. Akasema sawa, lakini nikiharibu, ufundi wa kikundi unaenda kwa Ilukor na nisimletee mambo ya undugu.

Kisanduku kina mashimo mawili. Moja IN. Nikaingiza waya ya positivu. Lingine COM. Yaani komoni. Kitu cha ovyo ovyo, cha kila mtu. Mimi sifungi vitu vya komoni! Nikaliacha wazi. Waya ya negativu nikaenda nayo nyumbani, nikafungia mlango wa banda la kuku wangu.

Jumanne, 3 Juni
Petronilla amenipigia kabla sijanywa chai. Namba zimeingiwa na wazimu. Kumi na mbili, thelathini, halafu chini ya sufuri. Chini ya sufuri! Nikakaza skrubu. Nikakitukana kisanduku. Nikabadilisha waya, nikaweka nene. Wapi! Nikaitoa kabisa. Bado volti zinaonekana, na hakuna waya!

Hapo nikaelewa. Ni stima ya Uganda. Mpaka uko hapo tu, ng'ambo ya foleni ya malori. Inavuka bila kibali inaingia kwa kisanduku changu. Nikaenda kuripoti kwa afisa mmoja wa mpakani. Akauliza kama hiyo stima ina pasipoti. Nikamwambia hiyo ndiyo shida, haina. Akaniambia mzee, pisha lori. Nchi hii imeoza.

Jumatano, 4 Juni
Nimerudisha waya. Nimegundua nikigusa kisanduku kwa kidole, namba inapanda. Nikitoa, inashuka. Mwili wangu una stima. Nilijua tangu zamani.

Jioni friji ilikuwa imejaa maziwa pomoni. Petronilla akauliza kama betri zitafika asubuhi. Nikaangalia: thelathini. Nikamwambia zimejaa mpaka zinamwagika, jenereta ilale.

Alhamisi, 5 Juni
Maziwa yote yamechacha! Betri zilikufa usiku, na kisanduku kikaendelea kusema thelathini. Mwongo mkubwa! Akina mama wamesimama na mitungi wakiniangalia kama mwizi wa ng'ombe. Mmoja wao, Amuge, amemwaga yake juu ya viatu vyangu. Makusudi!

Ilukor akaja na bodaboda, anatafuna njugu. Hakufungua hata begi. Aliinama tu, akamwita Petronilla aone.

"Shemeji, hili shimo la COM mbona halina waya?" Petronilla akaniuliza.

Nikawaeleza habari ya komoni. Ilukor alicheka mpaka akakaa chini. Ati COM ni ya pamoja, ati volti zinapimwa kati ya sehemu mbili, ati bila ile waya kisanduku kinabahatisha tu. Maneno ya redio hayo. Petronilla hakucheka. Akauliza waya ya pili iko wapi. Nikasema kwa mlango wa kuku.

"Basi kuanzia leo wewe ni fundi wa kuku."

Mbele ya Ilukor! Mimi, wa treni!

Jumamosi, 7 Juni
Wajue sijafa. Oduori wa lojing'i, pale madereva wa malori wanapolala, amenunua kisanduku kama kile kile cha betri zake za sola. Nikamwambia Petronilla alinililia nibaki, nikakataa. Amenipa kazi.

Sirudii kosa. Walisema COM, si ndiyo? Basi nimewapa COM. Positivu kwa COM. Negativu kwa COM. Zote mbili, nimekaza mpaka bisibisi ikalia. IN wazi, nani ana haja nayo?

Nikawasha. Sufuri! Haichezi, haipandi, haishuki. Sufuri safi, maana yake hakuna kosa hata moja. Waya zimeanza kuwa moto na kuna harufu fulani hivi. Hiyo ni stima inapita vizuri. Nimemtuma Oduori amwite Ilukor aje ajifunze.