Kinanda Kilichoitwa Babu

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimechoka, na mwezi ndiyo kwanza umeanza. Mjukuu wangu Stella, mwaka mmoja na nusu, ameanza kusema. Bibi yake anamwita "Bibi". Jogoo anamwita "Koko". Leo amekuja Kasiani kutoka Chilangala, baba wa mkamwana wangu Paulina. Amekaa mkekani bila kufanya lolote, na Stella amempanda mgongoni na kumwita "Babu". Mimi ninayelala naye nyumba moja hapa Lulindi naitwa "Huyo".

Kasiani ameondoka jioni kuwahi kupuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho yake. Jumamosi atarudi kuwachukua Stella na mama yake wakakae kwake hadi mavuno. Yaani nina wiki hii tu ya kuwa babu. Mke wangu Priska anasema mtoto hapangiwi, niwe na subira. Subira imenifikisha kwenye "Huyo".

Jumatatu, 2 Juni

Masasi, dukani kwa Hajira. Nimeomba kinanda cha mtoto. Kanitolea cha mbao, ukigonga kitufe kinalia chenyewe ndani, hakitaki betri. Kanishauri nichukue hicho, kinadumu. Nikamwambia asinifundishe, ukoo wetu ni wa muziki, marehemu baba alikuwa kwenye kinanda cha kanisani miaka mingi. Sikumwambia kwamba alikuwa anapampu upepo tu, mwingine akipiga, na siku moja alisinzia katikati ya ibada.

Nimechukua cha plastiki, chekundu, cha betri. Ukibonyeza mara moja kinapiga wimbo mzima. Mpigaji hahitaji kujua kitu. Kinatufaa.

Jumanne, 3 Juni

Mbinu yangu ni hii: Stella anabonyeza, mimi nasema "Babu". Anabonyeza tena, nasema tena. Kutwa nzima. Koo limenikauka.

Jioni amesema! "Babu", wazi kabisa. Nikawaita Priska na Paulina washuhudie. Akarudia, huku akikitazama kinanda. Priska akauliza hapo babu ni nani. Nimemwambia mtoto ana haya.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Stella aje kwa Babu. Akaenda kukichukua kinanda, akakikumbatia. Mchana kakilaza na kukifunika khanga. Mimi bado Huyo.

Wimbo umelia tangu alfajiri. Paulina kaniamkia kwa heshima zote, shikamoo baba, kisha akauliza kama sauti inapungua. Haipungui.

Alhamisi, 5 Juni

Kimya. Betri zimekwisha. Stella analia. Katika kumtuliza nikamwambia kimekufa. Neno hilo amelishika papo hapo, mtoto ambaye jina langu limemshinda.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Maduka ya hapa hayana betri za ukubwa ule, nikaenda Nanganga bila kumuaga mtu; Priska alikuwa shambani. Chumba cha kulala nilikifunga nikaondoka na ufunguo, maana humo nimeficha korosho za kukaanga ambazo Kasiani akizikuta hazibaki. Simu niliiacha humo humo ikichaji. Viatu vilibaki mlangoni, nilivaa kandambili.

Narudi, ua umejaa watu. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani wanalia. Nikavua kofia, nikakaa mwisho wa benchi, nikamnong'oneza mzee wa mbele kuuliza nani ametutoka. Bila kugeuka akasema ni Cuthbert. Nikasikitika sana. Ndipo nikakumbuka kwamba Cuthbert wa hapa ni mimi.

Kumbe Mama Trevor, jirani, alikuja kuazima ungo. Akamkuta Stella barazani analia, "Babu kafa! Babu kafa!" Akagonga chumbani kwangu, kimya. Akaona viatu. Akanipigia simu, ikaita humo ndani. Akapiga yowe. Paulina naye akampigia baba yake.

Niliposimama watu walikimbia, wengine na mabenchi. Mimi nilikimbilia ndani, maana fundi Rajabu alikuwa anang'oa kitasa. Nikamwambia aache, ufunguo ninao. Akasema ameambiwa mwenye chumba ni marehemu. Tumebishana hadi kitasa kikatoka. Korosho zikaonekana. Waombolezaji wamezimaliza zote.

Kasiani kafika jioni kwa pikipiki, salfa imemjaa kichwani, machozi yamechora mistari kwenye mashavu. Njiani simu yake haikushika mtandao, hatukuweza kumpa habari kwamba mimi ni mzima. Aliponiona aliketi chini akalia upya, akisema angebaki na nani wa kumtania. Niliona aibu. Sikujua kwamba yule mzee ananipenda. Kisha akajifuta, akauliza kama kuna korosho.

Jumamosi, 7 Juni

Wameondoka asubuhi. Nyumba imepoa. Kinanda, na betri zake mpya, wamekiacha barazani. Stella hakukigusa tangu jana.

Priska anasema nilikosa jambo. Eti jana, nilipokuwa nagombania kitasa, Stella alinishika mguu, akaniegemezea kichwa, akawa anaita, "Babu, Babu." Eti hata usingizini aliita. Eti kila mtu alisikia isipokuwa mimi.

Nimemweleza kwa upole kwamba amekosea. Betri zilikuwa mfukoni mwangu. Mtoto alikuwa anakiita kinanda.

Priska kakunja mkeka, akaenda kulala. Huwa anachoka mapema.

Jumatatu nakwenda tena Masasi. Nataka kinanda kikubwa, cha kuchomeka ukutani, nikipeleke Chilangala mwenyewe. Hicho hakiwezi kufa, labda umeme ukatike.