Spika Mbili na Wimbo wa Kufungulia

Jumatatu, 9 Juni 2025. Makambako.
Baridi, na upepo tangu alfajiri. Sijapona ya juzi. Jirani yangu Laurenti alikuja kwenye ibada ya jumuiya na spika janja, akaiamuru kwa Kiingereza, ikaimba wimbo wa kufungulia. Kina mama wakapiga makofi. Mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakifunga.
Nilitoka Mlangali, wilaya ya Ludewa, mwaka 1979 kuja kuwa karani wa stesheni ya reli. Wabena wa mtaa huu bado wananiita mgeni wa Ludewa. Lakini wimbo ukihitajika, wote hunigeukia. Nikinyang'anywa hilo, nabaki mstaafu mwenye koti.
Mama Germana, mwenyekiti wetu, amesema Jumamosi wataamua kama mashine ichukue kazi.

Jumanne, 10 Juni. Njombe.
Kwa binti yangu Erica, kata ya Yakobi. Naye ana spika janja, ya kampuni nyingine, nene na fupi kama chungu. Mpango: ikiwa lazima kazi iende kwa mashine, basi iwe mashine ninayoiendesha mimi.
Nimeijaribu sebuleni kwake, daftari mkononi. Juu ya stuli: besi ya kutosha. Dirishani: kali, inachoma. Pembeni mwa ukuta: besi imekua mara mbili. Kiswahili haikijui. Nikaiamuru kwa Kiingereza changu cha stesheni, ikakaa kimya. Erica akatamka maneno yaleyale, ikatii. Yeye ana lafudhi. Mimi nina sarufi tu.
Akaiunganisha na simu yangu niiendeshe kwa kidole, akaniazima, akaniuliza kama nitairudisha Jumapili. Nilikohoa.

Jumatano, 11 Juni. Makambako.
Nimekwenda kwa Laurenti, kisingizio salamu. Akanivuta kiti, akasema Baba Erica, kaa usikie vyombo.
Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayeusoma. Ya kwake ni bora. Ndefu kama chupa ya chai, na kila sauti inakaa mahali pake. Unasikia waimbaji wa sauti ya pili wakivuta pumzi. Ya Erica inaimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa.
Nikamwambia Jumamosi nami naleta ya Erica, zishindanishwe; akaniuliza ipi inazidi. Masikio yake yameliwa na mashine ya kupasua mbao, anategemea yangu. Nikamwambia zinalingana.
Njiani nikapata wazo. Mtaani kwetu hakuna chombo kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata birika la umeme. Mke wangu Feliciana ndiye anayefuma. Nimemwagiza kifuniko cha spika, sufu nzito, nyuzi mbili mbili, kibane kabisa. Ameuliza tangu lini nampa Laurenti zawadi.

Ijumaa, 13 Juni.
Nimekipeleka kifuniko. Laurenti akaivalisha spika palepale, akaishika kama mjukuu aliyetoka kuoga. Akasema katika mtaa mzima ni mgeni wa Ludewa pekee aliyemfurahia. Nilitoka haraka.

Jumamosi, 14 Juni.
Nyumbani kwa Mama Germana. Sakafu ya saruji, juu bati tupu, dari hakuna. Hilo sikulipima. Karani mzima.
Ya Erica ikaanza. Besi ikagonga bati, ikarudi, ikagombana na besi iliyokuwa inakwenda. Bibi Fidelia, mmoja wa wazee wa jumuiya, akauliza kama lori limeegeshwa nje.
Ikafuata ya Laurenti, ndani ya sweta lake. Sufu ikameza ukali wote. Laini, tulivu, kama kwaya iliyokaa karibu na moto. Wakaisifu. Laurenti akasimama kutangaza kwamba sweta ni zawadi yangu. Nikapigiwa makofi. Sijawahi kushindwa kwa heshima namna hiyo.
Basi ikakabidhiwa wimbo wa kufungulia. Sasa, bibi zetu huvuta mwisho wa kila mstari mpaka pumzi iishe. Ndivyo walivyofundishwa. Mashine haikuwasubiri. Ubeti wa pili ilikuwa mbele mstari mzima. Wa tatu ikamaliza, ikaanza wimbo mwingine, wao bado wako njiani. Bibi Fidelia akaikemea kwa Kibena. Laurenti akaiamuru inyamaze, lakini ndani ya sufu ile, na bibi wakiimba, haikumsikia. Akavuta waya.
Mama Germana akanigeukia. Akasema mgeni wa Ludewa, hebu tuanzishie, wewe hutukimbii.
Nikaanza, chini chini. Kila mwisho wa mstari nikawangoja sekunde nne. Bibi Fidelia alifumba macho. Kazi imebaki kwangu.

Jumapili, 15 Juni.
Nimetafakari sababu ya ushindi. Ni sauti yangu. Sauti ya namna hii haifai kuachiwa koo la mzee wa miaka sabini na moja.
Baada ya ibada nilijifungia stoo, katikati ya magunia ya mahindi, mahali pasipo mwangwi, nikajirekodi kwa simu nyimbo kumi na mbili. Kila mwisho wa mstari, sekunde nne kamili kwa saa ya mkononi. Nikazicheza kwenye spika ya Erica: niko ndani ya pipa. Nikaenda kwa Laurenti. Kwenye ya kwake nina miaka arobaini.
Amekubali kuileta. Jumamosi itaanzisha nyimbo zote, nami nitakaa kiti cha nyuma nisikilize. Sioni kinachoweza kuharibika.