Vita vya Meza ya Nyanya

Sogeeni, enyi majirani, na aliyeketi mlangoni ampishe mwenziwe, niwasimulie habari za Orrin Stauffer, simba wa chumba cha kufulia, fahari ya Pennsylvania, aliyekataa katakata kupiga shabaha kwa risasi za dukani kama watu wenye kazi za kufanya.

Majira yote ya baridi Orrin aliiteka meza ya chumba hicho, ambayo mkewe, Marlys, husindikia nyanya. Hapo ndipo alipoyang'arisha maganda matupu ya risasi zilizokwisha kupigwa, akapima baruti chembe kwa chembe kama muuza zafarani, akavuta mkono wa mashine yake ya kujazia risasi, na juu ya kila ganda akaketisha risasi kwa adabu ambayo hakuna mgeni wa nyumba ile aliyepata kuketishwa.

Nyanya zikaiva. Marlys akatangaza vita.

"Nataka meza yangu."

"Mke wangu, usahihi hauharakishwi."

"Usahihi wako mwaka jana uliua ndoo."

"Zile risasi zilikuwa za dukani."

"Haya. Jumamosi piga tano. Matundu yote yakifunikwa na hii," akamtupia sarafu ya senti ishirini na tano, "meza ni yako. Yasipofunikwa, hamisha baruti yako."

Ikawadia siku. Shujaa akasimama katika uwanja wa klabu ya kulenga shabaha, ubavuni pa shemeji yake Dwight, kaka wa Marlys, aliyekuja na kahawa na risasi za bei poa. Orrin akavuta pumzi. Milima nayo ikazuia pumzi. Bastola ikanguruma mara tano. Na tazama, karatasi yake ya shabaha ilikuwa safi kama shuka la mgeni.

"Shem, ahsante sana," akasema Dwight. "Sijafyatua hata moja na tayari naongoza."

Naam, alikuwa amepiga karatasi ya Dwight, iliyo kando ya yake. Matundu matano, yamesongamana katikati kama ndugu kwenye picha ya harusi.

Klabu nzima ikacheka. Uwanja ulipotulia, Marlys, aliyekuja kushuhudia, akaiendea karatasi ile, akabandika sarafu. Yakafunikwa.

"Ulisema matundu," akanena Orrin. "Hukusema karatasi ya nani."

Marlys akaupima mkataba kama kadhi mwenye njaa. "Nusu ya meza. Ile yenye mguu mbovu. Na nyanya unamenya wewe."

Basi vizazi na vijue: Orrin Stauffer, kwa kulenga karatasi isiyo yake, aliteka nusu ya meza isiyo yake, akarejea nyumbani kwa shangwe, akajifunga aproni, akamenya.