Kompyuta Ilisikiliza, Ulimi Akatia Sahihi

Ulimi hakupewa jina hilo na wazazi. Alibatizwa na mtaa, na mtaa ulikuwa na ushahidi. Siku aliyosikia kwamba mjane wa mpiga gitaa ana sanduku la kanda za nyimbo zisizosajiliwa, alikumbatia kompyuta yake, akaenda kumpa pole iliyochelewa miaka.

"Mama, kanda zinaoza. Hii inasikiliza wimbo, inauandika kwa nota, inakutolea karatasi. Sitaki kitu. Mzee alikuwa kama baba yangu."

Hawakuwahi kuonana.

"Ubarikiwe, mwanangu," alisema mjane. "Ila hii kanda ndiyo aliyoificha kuliko zote."

Ulimi alichomeka waya, akakaa kunywa chai. Kusikiliza ni kazi ya mashine, na mashine ile iliandika sauti tu, maneno iliyaacha. Ilipofika jioni alimwachia mjane karatasi zote za siku hiyo, isipokuwa ya ule wimbo uliofichwa. Hiyo aliitia mfukoni.

Kesho yake akawa kwenye ofisi ya hakimiliki, ambako mkuu mwenyewe huzipiga nota kwenye kinanda kabla ya kugonga muhuri.

"Mtunzi ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Niliutunga kwa machozi." Akatia sahihi.

Mkuu akapiga. Katibu wake akajifanya anakohoa. Mkuu akarudia mstari, shingo ikamvimba.

"Huu uliimbwa mara moja tu, kwenye harusi yangu. Unaeleza jinsi bibi harusi alivyonikubali baada ya yeye kukataliwa na kaka yangu. Bendi nzima ilikana kuutunga. Nikamshuku mpiga gitaa, na tangu hapo sijamsajilia wimbo hata mmoja. Kumbe nimemwonea marehemu."

"Kusema kweli, mheshimiwa, si wangu."

"Basi umeuiba. Chagua mwenyewe, mtunzi au mwizi. Askari ataandika lolote."

Ulimi alikuwa bado anachagua mjane alipoingia na karatasi zake. Mkuu alimpa kiti, akamwomba radhi, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika, kila wimbo kwa jina la marehemu. Mjane alilia, tena kilio cha kweli, maana alikuwa ameusubiri muhuri ule tangu matanga.

Alipojifuta, alimgeukia askari aliyekuwa akimfunga Ulimi pingu.

"Usimkaze sana pingu, baba. Kuna nusu sanduku hajaiandika."