Kabichi Yangu na Kunde za Olinga

Jumatatu, 3 Mei 1965. Malaba.
Kamati ya shule imekutana kuchagua mboga ya kupanda katika shamba la shule. Aibu tupu! Nimewasomea kurasa mbili za sifa za kabichi kutoka kitabu changu cha lishe kilichochapwa London. Juu ya majani ya kunde, wanayoyataka wengine, kitabu hakina hata mstari. Wanataka ushahidi gani mwingine? Miche elfu moja ya kabichi inasubiri nyuma ya nyumba yangu. Nusu eka ya shule ikipandwa kabichi, mwenyekiti wa shamba ni mimi. Nani mwingine?

Olinga, fundi wa majembe asiyesoma hata gazeti, akasimama. “Mzee Josiah, wazungu wameenda. Wewe umebaki kuwatunzia kabichi?”

Kamati nzima ikacheka. Mimi, niliyeandika barua kumi na nne gazetini kuwapinga wazungu hao hao!

Nikamwita shindanoni. Mimi ugali na kabichi, yeye ugali na kunde, mpaka Jumamosi. Siku hiyo kila mmoja abebe gunia la chumvi kutoka duka la Mbarak kwenda shuleni. Atakayefika mbali zaidi, mboga yake ipandwe.

Jumanne, 4 Mei.
Nimemwagiza mke wangu, Apolot: kabichi, maji, chumvi. Basi. Akauliza kama nina hakika. Swali la kipuuzi.

Jumatano, 5 Mei.
Magoti yangu hayana adabu. Nimeketi mara mbili kabla ya kufika forodhani. Olinga akanipita na baiskeli, akipiga mluzi, ananuka karanga! Nikamshtaki kwa Mbarak. Mbarak akajibu kwamba kunde zisizoungwa kwa karanga hata mbuzi wake atazikataa. Amehongwa.

Alhamisi, 6 Mei.
Nguvu zimerudi! Kabichi imekuwa ya kijani kizito, laini, tamu ajabu. Ni mbolea yangu. Nilitamani kuona inavyopikwa, lakini mwanamume wa kwetu hafunui chungu cha mkewe. Apolot akaniambia niendelee kusoma kitabu changu. Sahani mbili.

Ijumaa, 7 Mei.
Sahani tatu. Nimeandika hotuba ya ushindi.

Jumamosi, 8 Mei.
Olinga ametua gunia lake kanisani, katikati ya njia. Mimi nikalifikisha hadi lango la shule! Makofi. Nikahutubia nusu saa juu ya ujinga, nikimtaja Olinga mara tisa.

Ndipo Mama Petronilla, mpishi wa shule, akaomba aone chungu cha Apolot ajifunze. Nikaamuru mwenyewe kiletwe! Kikafunuliwa mbele ya kamati. Jani moja la kabichi juu, kama kifuniko. Chini yake kunde tupu, zimeungwa kwa karanga.

Apolot hakuinamisha hata macho. “Mlitaka nizike mume kwa sababu ya majani?”

Kura zikapigwa palepale. Kunde. Mwenyekiti wa shamba: Apolot.

Jumapili, 9 Mei.
Nimelitazama jambo hili kwa akili iliyosoma. Olinga alikula kunde, akaishia kanisani. Mimi nilikula kunde hizo hizo, nikafika shule. Tofauti ni nini? Jani la kabichi! Nimemwandikia mhariri kurasa sita.

Apolot anapika. Nimemwagiza kutoka hapa kitini: leo jani liwe kubwa zaidi.